Kofia Yako Nimeifumua

Mama Neema,

Ile kofia uliyoiacha kwenye sindano nimeifumua. Naanza na hilo kwa sababu unanijua, mimi siwezi kuzungukazunguka, na wewe mwenyewe hukupenda mtu anayesalimia robo saa nzima kabla hajasema shida yake. Nimeifumua yote, mpaka kitanzi cha kwanza. Sasa tulia nikueleze.

Tangu wakusafirishe kwenda Njombe kuzikwa, kibaraza chako hapa Chikongola nimekikalia mimi. Binti yako yupo, bado anafundisha, na ndiye aliyeniambia, "Mama Asha, endelea kuja, nikitoka shule nikute mtu." Basi naja. Asubuhi nauza mihogo yangu, mchana nafuma. Wapita njia bado wanauliza kofia ya uzi ya nini na joto hili la Mtwara, nami nawajibu kama ulivyokuwa ukiwajibu wewe: mtoto mchanga hajui kama yuko Mtwara, anajua tu katoka tumboni.

Unakumbuka tulivyojuana? Ndiyo kwanza mumeo kahamishiwa bandarini, na Asha wangu alikuwa wa kunyonya. Ukamfumia kofia nene ya kwenu, yenye masikio na kamba ya kufungia kidevuni. Mtoto akatoka upele kichwa kizima! Nilikuja mlangoni kwako nimefura, nimeshajiandaa kugombana. Ukamtazama mtoto, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Jamani, nimemfumia mtoto wa baridi ya Makambako!" Kesho yake ukaleta nyingine, ya uzi mwembamba, ina matundu. Mimi nikakuletea ming'oko, ile mizizi yetu ya porini ya kuchemsha, ukaila na maganda yake. Tangu siku hiyo hatukuachana.

Huyo Asha sasa amejifungua, Mama Neema. Mimba ya miezi saba tu. Walimtoa kijijini kwake Kitaya wakamleta hospitali hapa mjini, na mtoto wa kike akazaliwa mdogo, mdogo hasa, sikio kama punje ya kunde. Wakamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Muuguzi akaniambia, "Bibi, mtoto anapotezea joto kichwani. Tafuta kofia laini, leo hii."

Kofia? Nilitaka kucheka. Nikamwambia umempata mwenyewe. Nikarudi kibarazani, adhuhuri ikanikuta namalizia. Kipimo nilitumia chako: kofia ya mtoto njiti inavikwa kwenye ngumi, na lazima ibane. Ikabana vizuri. Nikaenda nayo kwa maringo, nikamvika mjukuu wangu mbele ya wazazi wote wa wodi ile, na kofia ikateremka mpaka kidevuni.

Muuguzi aliivuta haraka. "Inamziba pua, bibi. Na uzi wenyewe unakwaruza."

Unajua kosa lilikuwa wapi? Ngumi. Miaka yote tuliyofuma pamoja, wewe ndiye uliyekuwa ukizijaribu kofia zangu, kwenye mkono wako ule mdogo kama wa mtoto wa shule. Mimi mkono wangu umepalilia mikorosho na kutwanga mihogo tangu sijavunja ungo. Ngumi yangu ni kichwa cha mtoto anayetambaa! Sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja, kwa sababu ulikuwepo.

Nilizunguka maduka yote ya Chikongola kutafuta uzi laini. Hakuna. Wote ni ule wa kukwaruza. Uzi laini nilioujua mimi ulikuwa mmoja tu, ule uliokuja nao mara ya mwisho kutoka kwenu, na wote ulikuwa ndani ya ile kofia. Neema ameiweka kwenye kabati la vioo, pamoja na sindano zake, pembeni ya picha yako. Alituambia wote, asiguse mtu.

Nilimpigia simu mara tatu. Imezimwa, anasimamia mtihani. Nikasimama mbele ya kabati lile, nikaitazama picha yako, nikaona nikiendelea kusimama mtoto anapoa. Nikafungua.

Kufumua kazi yako si kazi ndogo. Ulikuwa unakaza! Nilivuta, nikavuta, moyo mgumu kabisa, mpaka nikafika mahali ulipokosea. Vitanzi viwili umevifuma kimoja, halafu ukaendelea mbele tu. Wewe! Wewe uliyekuwa ukinifumulisha mistari kumi kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikajua siku ile ulikuwa unaumwa tayari na hukutuambia. Tulikuwa tumekaa pamoja, nakusimulia mambo ya jirani, na wewe unacheka. Hapo ndipo nililia, Mama Neema. Msibani sikulia vile.

Halafu nikajifuta, nikaenda wodini. Safari hii sikuuliza ngumi ya mtu. Nilikata uzi, nikauzungusha kwenye kichwa cha mtoto mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la nje nikafuma. Nikaifua kwa maji ya moto, jua likaikausha. Ilimkaa mpaka muuguzi akauliza nani kaifuma. Nikasema mimi.

Neema alipokuta kabati tupu, alinijia juu. Sikumlaumu. "Ndicho kitu cha mwisho alichokishika mama!" Nikamwambia, kufungua kabati bila kukwambia nimekosa, nisamehe. Kuifumua, hapana, sikukosa, na ningeifumua tena. Siku nne akapita kibarazani kwake mwenyewe kama hanioni. Ya tano akasema, "Mtoto akikua, nairudisha kabatini." Nikakubali. Ningekataaje?

Mjukuu wangu ameongezeka uzito, mashavu hayo! Siku ya kuruhusiwa tulikwenda wote wawili, mimi kumchukua Asha, Neema kuchukua kofia yake. Tunafika, mtoto wetu yuko kichwa wazi. Kofia Asha ameshaifua na kumpa mama wa kitanda cha jirani, binti mmoja wa Msimbati aliyekuja na kanga aliyojifunga tu. Imo kichwani kwa kichanga chake. Wala hajatuuliza, huyo Asha! Nikasema moyoni, leo kazi ipo.

Neema akakisogelea kitanda kile. Kofia ilikuwa imepanda, sikio moja la mtoto liko nje. Akaweka mkoba wake chini, akaenda bombani, akanawa mikono kama wanavyoelekeza, akarudi akainama. Akaivuta kofia taratibu, akalifunika lile sikio. "Anaitwa nani?" akamuuliza yule binti. Yule binti akasema bado hajapewa jina. Neema akaitikia kwa kichwa, akaokota mkoba, akaniambia twende.

Tukatoka na Asha na mtoto wetu. Tulipokaribia madukani ndipo akanishika mkono. "Nifundishe."

Basi namfundisha. Anafuma vibaya, sikufichi, na hana subira, hilo sijui kalitoa wapi, ukijitazama utajua. Anasema mimi mkali kukuzidi. Nakuahidi jambo moja: sitammalizia. Hata akilia, hata akisema kesho ana madaftari ya kusahihisha, kofia yake ya kwanza ataifunga kitanzi cha mwisho yeye mwenyewe, na tutaipeleka wodini siku hiyohiyo, isilale kabatini.

Nimekukumbuka, mwenzangu. Mungu wako na Mungu wangu akutunze huko, upumzishe mikono. Naishia hapa, maana mwanao ananiita huko kibarazani. Amepoteza kitanzi tena.

Mwenzio,
Mama Asha