Nimelilia Kitabu cha Neema

Jumamosi, Kilema

Mtu mzima na akili zangu, nimelilia kitabu cha watoto. Nilikichukua kwa Neema, binti wa mume wangu, nikijidai nakagua kama kinamfaa. Nikasoma mpaka ndizi zikaungua jikoni. Msichana mfinyanzi alipomkumbatia baba yake, aliyegeuzwa jiwe na mfalme wa giza, nikaangua kilio. Neema akaja mbio.

"Kuna msiba?"

"Hapana. Baba yake bado hajaamka."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Ataamka, mama. Fungua ukurasa unaofuata."

Mama! Miaka miwili katika nyumba hii nimekuwa "anti" tu. Sikuthubutu kumwuliza kama ulimi uliteleza. Nikafungua ukurasa, nikajifanya nasoma. Sikuona hata herufi moja.