Sehemu ya polepole

Siku ya posho (Jumamosi), magaribi

Tena Papa Kasongo na tromboni yake! Anataka niondoe sehemu ya polepole mu muziki niliyotungia fanfari, bendi yetu ya matarumbeta ya kanisa. Eti kesho tukienda kuipiga kule mjini Kashikishi, watu watafikiri ni kilio. Nami nikaanza kuogopa.

Leo tuliijaribu. Hatukufika hata katikati, jirani yetu Mama Ngoie akaja mbio, kitenge amekifunga kiunoni, machozi tayari.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu, mama. Ni muziki tu."

Papa Kasongo akaniangalia: si nilikuambia?

Tukaendelea. Trompeti zikapanda, ngoma ikaamka. Mama akapangusa macho, mabega yakaanza kucheza yenyewe.

"Kumbe," akasema, "mugonjwa amepona!"

Kesho tunaipiga yote.