Chumba Chako Tumempa Mkunga

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya kituo cha zimamoto.
Tarehe 14 Juni

Mpendwa Dada yangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa, ukakigeuza kikohozi kuwa kicheko, ukadhani sijagundua. Mimi ni mdogo wako, nakujua. Sisi huku wazima. Baba hajambo, ni goti tu linalomsumbua akipanda ngazi, naye lawama zote anazitupa kwa lile lori aliloendesha miaka thelathini, utadhani lipo uani linamsikia. Mwanangu hajambo, kang'oka meno mawili ya mbele na sasa maneno yake yote yanatoka na upepo. Shemeji yako yupo, anakusalimu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu sote wawili ni waongo. Wewe unasema kazi inaendelea vizuri, mimi nasema nyumbani hakuna tatizo, kisha tunaulizana habari za mvua mpaka salio linakwisha. Karatasi haisikii sauti yangu ikitetemeka.

Basi ukweli ni huu. Hoteli ninakofua imekosa wageni. Zamani tulikuwa madobi sita, mashuka yakiteremshwa kwa mikokoteni tangu asubuhi, pasi hazipoi. Tangu mwanzo wa mwaka tumebaki wawili, na kila mmoja anaingia siku tatu kwa wiki. Msimamizi ametuambia tusubiri mambo yatengemae. Tunasubiri. Shemeji yako naye, unajua kazi ya rangi ilivyo: mtu akikosa hela, ukuta ndio wa kwanza kuvumilia. Mwezi uliopita alipata kazi moja tu, geti la duka la dawa. Akakaa nyumbani mpaka mikono ikamwasha, akakusanya mabaki ya makopo yote, akapaka choo chetu. Kina rangi tano. Ukiingia unasahau ulichofuata.

Tumebana kila panapobanika. Chai ni ya rangi, nyama tumeipa likizo, na viatu vya shule vya mwanangu nimevikata mbele ili vidole vipate pa kutokea. Pesa zako zikifika tunapumua wiki mbili, kisha roho zinarudi juu. Sikulaumu hata kidogo. Nakueleza tu ili uelewe yanayofuata.

Mwezi wa tatu alikuja yule mshonaji mliyekuwa mkikaa naye chumba kimoja huko. Amerudi moja kwa moja. Alituletea sabuni na soksi ulizotutumia, akakaa na Baba sebuleni, wakacheka vizuri. Nilipomsindikiza mpaka kona ndipo akafunguka.

"Dada yako wamempunguzia saa pale kwa yule mzee anayemtunza," akaniambia. "Sasa anaamka alfajiri kufagia maofisi kabla ya kwenda huko. Na ile nauli ya kurudi aliyokuwa akiiweka, ameshaivunja mara mbili awatumie ninyi. Alinikataza nisiseme."

Nilisimama pale kama nguzo, hata kumuaga vizuri sikumuaga. Dada, miaka saba nimekuwa nikijiuliza moyoni kwa nini hurudi. Kuna siku nilikukasirikia kabisa, nikasema umenogewa na nchi za watu, umetusahau. Kumbe nauli yako naipika mimi mwenyewe, jikoni kwangu, kila jioni.

Siku hiyo hiyo nikamwambia shemeji yako tupangishe chumba chako. Akanitazama kama niliyesema tuuze paa.

"Kamwambie baba yako," akasema. "Mimi nina kazi."

Kazi gani, na brashi zake zimekauka kama kuni!

Huenda hujui jinsi Baba alivyokitunza chumba kile. Kila Jumamosi alifungua dirisha, akakung'uta godoro, akatandika upya. Blauzi yako ya kijani ilikuwa bado imetundikwa nyuma ya mlango. Mwanangu hakuruhusiwa kuingia na viatu. Na mimi, jambo ambalo sijamwambia mtu, nilikuwa nikiingia humo nyumba ikiwa tupu, nakaa kitandani dakika tano, natoka, naendelea na kazi zangu.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na akirudi kesho, atalala wapi?"

"Baba, kesho harudi. Harudi kwa sababu hana nauli, na nauli yake tunaila sisi."

Niliyajutia maneno yale kabla hayajafika chini. Ikabidi nimweleze yote aliyoyasema mshonaji. Siku tatu alikuwa akinipita mle ndani kama mtu anayempita mgeni kituoni. Siku ya nne nilirudi kutoka hotelini nikamkuta chumbani kwako, amekaa sakafuni na goti lake bovu, anakunja nguo zako moja moja na kuzitia sandukuni. Anakunja vibaya, unamjua, shati linakuwa kama kitumbua. Nikakaa chini tukakunja pamoja. Tukafika kwenye ile blauzi ya kijani. Akaishika, akaigeuza, akasema, "Hii haiingii sandukuni." Akanyanyuka akishikilia ukuta, akaenda kuitundika chumbani kwake.

Lakini usidhani alilainika. Wapangaji watatu wa kwanza aliwarudisha mlangoni. Mmoja eti anacheka sana. Wa pili alikuja na spika kubwa kuliko begi lake, huyo hata mimi nilimkataa. Wa tatu, karani wa benki, mtu safi mwenye adabu zake, kosa lake ni kuuliza kama kitanda kinaweza kutolewa kipishe meza. Baba akamfungulia geti.

Wa nne ndiye mkunga. Mwanamke wa makamo, begi moja, ndala mkononi, maana alizivua mwenyewe kabla hajaambiwa. Aliangalia chumba, akaangalia picha zako ukutani, akauliza, "Mwenye chumba anarudi lini?"

"Karibuni," Baba akajibu.

"Basi picha zake ziacheni hapo hapo. Siku akifika mniambie, nitaondoka bila maneno."

Akahamia siku hiyo.

Anafanya kazi hospitali zamu ya usiku, na mchana analala. Dada, ungeona vituko! Baba ametugeuza wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe, sote tunanyata. Redio anaisikiliza kwa kuibandika sikioni. Muuza samaki anayepita saa nne ameagizwa aanze kuita wateja baada ya kulipita geti letu. Ndivyo alivyokuwa akifanya ulipokuwa ukisomea mitihani yako. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba hii imewahi kuwa na ukimya wa namna hiyo, ukimya wa kumsubiri mtu aamke.

Sasa nikueleze ya Jumanne iliyopita. Tulikuwa mezani asubuhi, mkunga akarudi kutoka kazini. Baba alisikia geti likilia, naye bila kuinua kichwa akaita, "Kengele! Chai bado ya moto!"

Jina lako, Dada. Jina alilokubandika mwenyewe kwa hiyo sauti yako. Tangu uondoke halijawahi kuitwa kwa sauti humu ndani, tunalisema tu tukikuzungumzia. Mwanangu akaacha kutafuna. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, nikaona ameelewa. Akaitikia taratibu, "Abee Baba, nakuja."

Baba akainua kichwa, akamwona. Akasukuma kiti, akatoka uani bila fimbo yake. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta, ananitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Mwandikie aje," akasema. "Aje mikono mitupu."

Ndiyo maana naandika. Kodi ya mkunga na hizo siku zangu tatu zinatosha unga, umeme na ada. Za shemeji yako zikipatikana ni za viatu. Kwa hiyo kuanzia sasa usitutumie kitu, hata senti. Ukituma nitazirudisha, najua njia. Weka nauli yako, na safari hii usiivunje hata nikikulilia kwenye simu.

Sitakudanganya kwamba kuna kazi inayokungoja huku. Hakuna. Chumba pia hakipo, maana Baba sasa anasema mkunga hafukuzwi, aliahidi kuondoka lakini sisi hatukuahidi kumwacha aondoke. Utalala na mimi na mwanangu. Shemeji yako amekubali kuhamia kwenye kochi, na ameshaanza kulalamikia mgongo kabla hata hajalala huko.

Nimekukumbuka, Dada. Juzi nilikuwa nakata vitunguu, nikajaribu kukumbuka wewe ulikuwa unavikataje, kwa urefu au kwa duara, nikashindwa. Nililia pale jikoni, na ilikuwa bahati kwamba vitunguu vilikuwepo vya kusingizia. Sitaki kusahau kingine. Sauti yako ya simu ninayo, lakini simu hainionyeshi unavyokaa, unavyovaa viatu, unavyomkata jicho mtu asiyejua kwamba amekatwa. Sina wa kucheka naye mambo ya nyumba hii. Nacheka peke yangu, watu wanaona nimechanganyikiwa.

Baba anakusalimu sana, na anasema ufunike kifua. Shemeji yako anakusalimu. Mshonaji anakuomba msamaha kwa kuvujisha siri. Mkunga, ambaye hakujui lakini analala chini ya picha zako, naye anakusalimu. Msalimie huyo mzee unayemtunza, mwambie na sisi tuna wetu anayekuhitaji. Mwanangu anauliza Mama Mkubwa hulala upande gani wa kitanda, ili yeye aanze kuzoea upande mwingine. Nimemwambia swali hilo utalijibu wewe mwenyewe, ukiwa umekaa hapa.

Mungu akulinde katika kazi zako zote mbili, na akuongoze njia mpaka kwenye geti letu.

Mimi mdogo wako nikupendaye na kukungoja,

Kifungo