Salamu ya Rehema

Jumamosi, Iguguno

Mpaka sasa nacheka peke yangu.

Mama mkwe hulalamika kwamba binti yangu Rehema hana adabu, hasalimii wakubwa. Nimemweleza mara nyingi kuwa mtoto ana usonji, maneno hayamtoki. Haamini.

Leo nimekwenda naye, pamoja na Rehema, kwenye kikundi chetu cha wazazi wa watoto wenye usonji. Mwalimu aliwafundisha watoto kusalimia kwa mikono. Rehema akaushika mkono wa bibi yake, akauweka kichwani pake.

"Marahaba, mjukuu wangu," mama mkwe akaitikia, machozi yakimlengalenga.

Shule bado inanitia hofu. Nani atamvumilia kule?

Tukirudi, Rehema akamnyooshea jirani mkono. Jirani akauliza, "Mbona mtoto hasalimii?"

"Amekusalimia," mama mkwe akamjibu. "Wewe ndiye hujaitikia."