Kikwembe Katikati ya Bwato

Lubumbashi, Katuba, tarehe 6 ya mwezi wa munane

Kwako yaya Ruphin, kaka yangu mukubwa, ku Kambove.

Yaya mupendwa,

Nakutumia salamu ya kujaza camion, lori nzima, pamoja na remorque yake. Uko muzima? Mugongo inaendelea je? Banasema kama ku Kambove bachimbaji banashuka mu mashimo hata na hii baridi. We acha bijana bashuke, we ubakie juu unapiga kelele, njo kazi ya mukubwa. Na muke yako, mulamu Estelle, jino ilipona? Huku tuko bote bazima, Lydie, batoto, hata imbwa. Paka baridi, baridi tu, njo ilitupiga mwezi wa saba, mpaka batoto balilala na soksi mu mikono.

Na mi? Yaya, ikala kwanza. Mi mudogo yako niko muntu wa chance kupita bantu bote mu hii Lubumbashi. Kuko benye banatafuta chance mu tombola, kuko benye banaitafuta kwa bapasteri. Mi inanifwata yenyewe, sawa imbwa inafwata muntu mwenye kubeba nyama. Ziwa nzima ya Moero ilifungua kinywa imeze mama-mukwe yangu, na mi njo nilimutosha, nilimutoa mule, sawa vile muntu anatosha bukari, ugali yetu, mu nyungu: yote, hakuna yenye ilibakia. Na sikumugusa hata kidole! Leo nikipita ku soko, bamama banaacha kupima unga, banasema, "Elisée wa Maji, pita huku tukuone."

Nakuandikia, sipige telefone, juu nakujua: unawekaka haut-parleur na Kambove muzima inasikia. Hii barua usome peke yako, ukisha kula. Kabwe, shofere wa bisi, njo atakuletea.

Safari ilianza hivi. Mama-mukwe (jina yake unaijua, mi siwezi kuiandika, mutoto yetu wa pili njo anaibeba, njo maana tunamuitaka paka Kamama) alimuambia Lydie kama magoti yake inaanza kufunga sawa mulango ya zamani, na mbele ifunge kabisa anataka bajukuu baone maji kwenye alizaliwa. Unamujua ule mama. Bwana yake, marehemu mwenye alikuwa anatumika ku treni, alimutosha ku Kilwa alikuwa na miaka kumi na munane, na toka siku ile anauzisha makala ya kupikia na kusali rozari. Mu Katuba hakuna muntu mwenye alisha kumuona karibu na maji kupita maji ya beseni. Batoto beko mu vakansi ya masomo, camion yangu iko mu garage, nikasema twende, njia naijua. Mi mwenye nilifika Ndola, Lusaka, mpaka Dar es Salaam! Bahari yenyewe ilinipigia saluti.

Tulipita Kasenga, siku mbili ya vumbi, nyusi zangu zikakuwa nyekundu mpaka Princesse, ule mukubwa wetu, akasema kama nabeba viwavi mbili juu ya macho. Ku Kilwa mudogo ya mama-mukwe alitupokea mu nyumba ya bazazi yabo, nyumba ya matofali yenye iko karibu na maji mpaka unasikia ziwa inapumua. Kesho yake tukapanda bwato ya muzee Kasonde, ya mbao, murefu, na moteri kidogo yenye inakohoa. Alisema atatubeba kando-kando ya ziwa mpaka upande wa Pweto, na mu njia tutalala kwa balobaji ba samaki.

Sasa, yaya, bwato ni kintu gani? Ni nyumba yenye haina chumba. Na unajua bukwe yetu: muntu hapashwe kuonana macho na mama-mukwe yake, hapashwe kumugusa, hapashwe kumusemesha bila muntu wa katikati, mpaka siku familia mbili itakula mbuzi ya kutosha haya, ya kuiondoa. Ile mbuzi mi bado kuikula, miaka kumi na tatu. Basi nitaikala wapi? Nikasema mi nitaogelea nyuma ya bwato, hakuna shida, bote bakacheka. Lydie njo alileta akili. Alisimamisha fito mbili katikati, akafungia pale kikwembe yake ya bluu, kitenge ya mariage yetu, ikakuwa pazia. Mama-mukwe, Lydie na Kamama nyuma. Mi na Princesse mbele, uso yangu ku maji. Muzee Kasonde akalalamika, asema alisha kubeba samaki, mbuzi, padri na maiti, lakini bwato yenye chumba ya kulala njo mara ya kwanza.

Pale njo ndoto ilianza. Asubuhi ile maji ilikuwa nyeupe sawa maziwa. Moshi ya bantu benye banachoma pori ilishuka mpaka juu ya ziwa, hatukujua maji inaisha wapi na mbingu inaanzia wapi. Ilikuwa sawa milima njo inatembea, na sisi tunasimama. Na nyuma ya kikwembe sauti ya mama-mukwe ikaanza kutaja ile kando, kintu kwa kintu. Anasema, sasa mutaona jiwe kubwa yenye kulala sawa muntu mwenye kushiba. Nageuza macho, jiwe iko pale, inalala. Anasema, kisha ile kuko muchanga mweupe kwenye banaanika chisense. Na muchanga inakuya, na vile visamaki vinang'aa sawa bantu balivunja vioo ya kanisa nzima. Princesse aliingiza kichwa chini ya kikwembe kuchungulia nkambo yake, akarudia kuniambia: papa, nkambo haangalie, anafunga macho. Miaka makumi tano mu Katuba, na kando yote ya ziwa ilikuwa imelala ndani yake! Tulipofika karibu na ile jiwe alitupa kipande ya bukari mu maji, kisha akafanya alama ya musalaba, ili pande zote mbili zisikasirike.

Ule mama namujua miaka kumi na tatu, yaya, lakini ni siku ile njo nilimusikia. Sauti bila uso, na maji chini yake. Nilikuwa sawa mutoto mwenye banamuhadisia mpaka analala.

Na njo vile nilisikia anamuambia Lydie kama hataki kufia Katuba. Anataka kurudia ku Kilwa, aikale na mudogo yake mu nyumba ya bazazi. Ku Lubumbashi anasikiaka paka groupe ya jirani, ile mashini ya umeme, inanguruma. Huku atasikia maji. Lydie alilia kidogo, kisha akakubali. Ilibakia paka muzee Stanislas, kaka yake mukubwa, kichwa ya familia, naye aseme ndiyo. Mi kule mbele nikatikisa kichwa, sawa muntu aliniuliza mawazo.

Siku ya pili tuliingia mu kakona kamoja ya maji, ya kunyamaza kabisa. Muzee Kasonde alifunga bwato ku muzizi ya muti, akapanda ku inchi kavu na Lydie na batoto kutafuta samaki kwa balobaji. Mama-mukwe, juu ya bugonjwa ya magoti, alibakia nyuma ya kikwembe. Mi nilibakia mbele, kulinda. Nikalinda mpaka nikasinzia. Nilipoamuka, muti ilikuwa mbali sawa mwisho wa uwanja wa mupira. Kamba ilifunguka, na tunaenda polepole, sisi babili, na hakuna muntu wa katikati.

Nikasikia anakohoa. Kisha anasema, na heshima yote: "Princesse, uambie baba yako kamba ilifunguka."

Princesse iko ku inchi kavu, anachagua samaki! Nikajibu: "Princesse, uambie nkambo niliona."

Kisha: "Princesse, uulize baba yako kama iko na mawazo."

"Princesse, uambie nkambo baba anafikiri."

Na milima ilikuwa bluu, na ndege mweupe alisimama juu ya maji sawa anasikiliza, na tukaenda vile, sisi babili na ule mutoto mwenye hakukuwa, sijue wakati gani. Kwa mi, tungefika Zambia.

Lakini moteri inatii paka muzee Kasonde, na kasia ilikuwa upande wa mama-mukwe. Na hapa, yaya, njo habari yenye Katuba muzima inajua: mama-mukwe alisimama akamate kasia, goti ikamukatala, akaanguka mu maji. Mi nikatupa shati, nikafunga macho juu ya heshima, nikaruka, nikamupitishia kikwembe chini ya mikono, nikamuvuta mpaka ku muchanga bila kumugusa. Balobaji bakaenda kukamata bwato. Ile habari niliihadisia kwa kinyozi, ku garage, kisha misa, na camion ilipotoka mu garage nikaipeleka mpaka ku mupaka wa Sakania. Kila mara maji inaongezeka. Juzi ilikuwa tayari na mamba.

Sasa ona matunda yake. Muzee Stanislas anaita familia siku ya yenga yenye inakuya, siku ya kusali, kisha misa. Banataka tukule ile mbuzi ya kutosha haya, na mbuzi njo bo benyewe banaitosha! Mi njo ningepashwa kuileta, lakini banasema mukwe mwenye alitosha mama mu maji alisha maliza yote. Na we mukubwa wangu, banakuwekea kiti ya mbele.

Lakini muzee Stanislas aliongeza neno. Nilikuwa nje ya mulango, nilisikia. Asema: mwanamuke mwenye kuanguka mu bwato mahali maji inanyamaza, tumurudishe aikale kando ya ziwa? Hapana. Atabakia Katuba, mbele ya macho yetu. Ilikwisha. Mama-mukwe alikuwa mule ndani. Nikangoja aseme. Hakusema kintu.

Jana alimutuma Kamama aniletee kikwembe ya bluu. Alisha kuifua, kuipasi, kuikunja. Maneno ilikuwa paka hii: uambie baba yako, iko kavu. Nikamusindikiza mutoto kurudi, na ku mulango ya lupango ya nkambo yake nikaona valizi, ile sanduku mama-mukwe alitayarisha juu ya kurudia Kilwa. Iko wazi juu ya kiti, haina kintu, na nguo yake yote ilirudia ku kamba. Mwenyewe anachambua maharagi, mugongo kwangu, sawa inavyopashwa. Toka pale bukari inakatala kushuka, mi mwenye ninakulaka sawa bantu batatu.

Donc yaya, hii soma polepole.

Ni mi nilisimama. Nilisimama nifwate kasia, na ili nisimuone nikageuza kichwa, nikafunga macho, nikaweka muguu kwenye niliwaza kuko mbao. Hakukuwa mbao. Gilet ya kuelea nilisha kuitosha asubuhi juu ya foto, ilikuwa inanipa tumbo. Kikwembe ikanifwata, ikanifunga kichwa, bluu yote, na ndani ya ile bluu nikaita mama. Yaya, nilikuwa naita wetu, ule tulizika ku Likasi. Mi mwanaume wa miaka makumi ine, na mustashi. Mwingine njo aliitika. Alisema: "Niko, mwanangu, usinikamate shingo." Aliruka na magoti yake yote mbili. Mu maji ule mama hana magoti ya bugonjwa, iko samaki, alizaliwa mule. Alinikumbatia kifua kwa kifua, akanivuta mpaka ku muchanga, akanipiga mugongo nikatapika Moero. Tukaikala pale, tunaangaliana macho. Iko na macho ya Lydie. Miaka kumi na tatu, sikujua.

Kisha tukasikia batoto banakuya na samaki yabo. Mbele nifungue kinywa, akageuka akamuambia Lydie: nilianguka, bwana yako alinitosha. Aliona vile Princesse ananiangalia, mi niko natetemeka sawa kuku ya mvua. Hakutaka mutoto acheke baba yake. Ilikuwa nguo alinivalisha ya dakika moja, juu ya haya, na mi nikatembea nayo mu muji muzima. Na sasa njo yeye anabakia uchi. Akisema kweli, arudie ku maji yake. Na hataki kusema, juu yangu.

Yaya, kuya siku ya posho, siku moja mbele ya yenga na ile misa. Kuya na mbuzi, yetu, ya rangi yoyote, lakini iwe na sauti. Mudogo hasimame peke yake mbele ya bukwe, inapashwa mukubwa. We njo utanisimamia, mi njo nitasema. Nitasema mbele ya muzee Stanislas, mbele ya bamama ba soko, na mbele ya Princesse. Acheke. Nguo ya nkambo wake irudie mu valizi.

Unisalimie mulamu Estelle na batoto bote, na muzee jirani mwenye anasikilizaka telefone yako. Mungu akulinde ku yale mashimo, akulete na mbuzi yako salama.

Ile chance niliandika kule juu ni bongo, uongo mutupu. Kuogelea sijue.

Mi mudogo yako,
Elisée,
mwenye alitoshwa mu maji na mama Albertine.