Chombo cha anga cha William kimeingia vumbi

Asnath uko wapi? Mwalimu William nusura alie hapa, mtu mzima na ndevu zake!

Kile chombo chake cha anga cha plastiki, alichokiunganisha kwa gundi likizo nzima? Leo kamaliza kukipaka rangi, cheupe pee. Akakianika nje. Kando ya barabara, Asnath! Kiangazi hiki! Kasulu hii!

Lori likapita.

Rangi mbichi, vumbi jekundu lote likaganda. “Kesho wanafunzi nitawaonyesha nini?” Kashika kichwa: “Nitawaonyesha nini?”

Siti wa dukani akatoka, akakikagua, akamwambia, “Mwalimu, basi la kutoka Kibondo tu linafika hapa jekundu. Hiki kimetoka kwenye nyota, kifike cheupe?”



Sasa hivi William yuko barabarani anangoja lori jingine, kageuza ule upande uliobaki mweupe 😂