Sauti ya Bibi Kwenye Kaseti ya Gari

Jumapili, Ngamiani. Mvua tangu alfajiri, bati linapiga kelele, na mimi nina furaha mpaka najishangaa.

Jana Mjomba Saidi, kaka yake mama, alinipa kaseti kuukuu. Alikuwa baharia, sasa kastaafu, anapunguza vitu ndani. "Ina sauti ya bibi yako hiyo," akasema. Basi. Mjomba si mtu wa maneno mengi.

Niliijua palepale. Ilikuwa kaseti ya gemu langu la gari.

Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, masharti ya kuingiza bidhaa yakaanza kulegezwa, Mjomba akashuka melini na kompyuta ya nyumbani, ile ya kuchomeka kwenye TV. Gemu lilikaa kwenye kaseti. Unaiweka kwenye redio iliyoungwa na kompyuta, inapiga mayowe, unasubiri na kuomba umeme usikatike. Kisha kinatokea kijigari kwenye vilima na madimbwi, lami hakuna hata ya dawa. Mimi nakata kona, Bibi anabonyeza mafuta. Bibi mzaa mama, Mbondei wa Muheza, hajawahi kushika usukani maishani. "Njia ya kwetu ya kupanda Amani hii, wakati wa masika," anasema, na hapunguzi mwendo mpaka tunapinduka.

Siku moja nimerudi shule, naweka kaseti, namsikia Bibi anatoa salamu. Mama alitaka kumpelekea Mjomba, aliyekuwa amerudi baharini, barua ya sauti, kama watu walivyowapelekea ndugu zao wa Maskati. Kaseti tupu zilikuwa adimu. Akaijaribu hii, akasikia mayowe, akadhani imeharibika. Akaziba kwa karatasi vile vitundu vya mgongoni vinavyozuia kurekodi, akarekodi juu yake.

Nilizima redio, nikalia mpaka nikapata homa. Sikusikiliza zaidi ya ile salamu. Kaseti ikaenda kwa Mjomba.

Baadaye ikaja nyingine kutoka kwake, gari lilelile. Tangu hapo kila Idi nampelekea Mjomba halua, kwa kunikumbuka.

Leo nimeipeleka kwa fundi redio karibu na soko. Nilikaa kwenye stuli yake. Hatuna sauti nyingine ya Bibi. Utepe ukikatika, ndiyo basi tena.

Haukukatika.

Salamu, habari za ndugu, mvua, mihogo. Kisha redio inalia ka, na Bibi anarudi, peke yake, ananong'ona. Kumbe alijifunza kubonyeza kitufe cha kurekodi mwenyewe.

"Saidi mwanangu, mtoto analia. Mama yake amelifuta gari lake, na hajui alitendalo. Usimwambie nimesema. Mletee jingine. Na mimi pia nilikuwa nalipenda."

Halafu yakafuata mayowe ya gemu, kipande kilichobaki. Nikayasikiliza yote mpaka mwisho.

Nikampigia Mjomba. Akacheka. "Wewe ulidhani nilikumbuka mwenyewe?"

Miaka yote hii shukrani zangu zilikuwa zinashukia nyumba ya jirani.

Halua Mjomba ataendelea kuipata, ameizoea. Lakini kesho, mvua ikikatika, nakwenda makaburini. Nitamsomea Bibi Fatiha, halafu nimwambie gari lilifika.